Nilisomea Uhasibu kwa Watawa wa Collegeville

Darasani hatukufika ishirini. Viti vilizunguka meza moja kubwa, mwalimu naye kakaa palepale pamoja nasi, na hapakuwa na mgongo wa mtu wa kujificha nyuma yake. Nikiulizwa leo ni kitu gani hasa kilinifunza katika Chuo Kikuu cha Saint John's, naanza na hilo. Chuo ni kidogo. Ukiingia kwenye kipindi bila kusoma kurasa ulizopewa, dakika kumi hazipiti kila mtu ameshajua, na hakuna anayekukaripia. Wanakungoja tu useme, na huna la kusema.

Saint John's kipo Collegeville, katikati ya jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Kilianzishwa mwaka 1857 na watawa Wabenediktini waliotoka abasia ya Saint Vincent huko Latrobe, Pennsylvania, kuwahudumia Wakatoliki wa Kijerumani waliokuwa wanahamia sehemu hizo. Mpaka leo abasia na chuo viko kiwanja kimoja, ndani ya msitu wenye maziwa. Wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni wanaume. Mwendo mfupi wa basi kutoka hapo, mjini St. Joseph, kipo chuo cha kina dada, College of Saint Benedict, kilichofunguliwa na masista Wabenediktini mwaka 1913. Mtaala ni mmoja, walimu ni walewale, madarasani wanafunzi wanachanganyika, na mabasi yanakwenda na kurudi kutwa. Ukivijumlisha vyuo vyote viwili, wanafunzi hawafiki elfu nne.

Watu huniuliza kijana wa Ruvuma, Tanzania, alifikaje huko. Kwetu Wabenediktini si wageni. Waliingia Peramiho mwaka 1898 wakitokea St. Ottilien, Ujerumani, wakaacha kanisa, hospitali, shule za ufundi na mitambo ya uchapaji. Hanga, monasteri ya watawa Waafrika, ilianza miaka ya 1950. Kwa miaka mingi vijana waliohitimu Saint John's wamekuwa wakitumwa Hanga kujitolea, wanaishi na watawa na kufundisha shuleni. Mmoja wao ndiye aliyenitajia chuo chake, akanisaidia kuelewa fomu, na kuniambia ukweli kuhusu baridi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kombi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati), na nia yangu ilikuwa uhasibu. Nilipotuma nyumbani orodha ya masomo ya mwanzo, baba yangu mdogo, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika maisha yake yote, akanipigia simu.

“Mwanangu, umekwenda kusomea uhasibu au upadri?”

Swali lilikuwa la haki. Kozi ya uhasibu ilikuwa moja tu. Zilizobaki ni teolojia, biolojia yenye maabara, na semina ya kusoma na kuandika. Mbele yake zilikuwa zinanisubiri sanaa na maadili. Vyuo vya aina hii huendeshwa hivi: unachagua fani yako, lakini sehemu kubwa ya masomo unayapata nje ya fani hiyo, uwe mhasibu, mkemia au mwalimu mtarajiwa. Kwetu mtoto anaanza kupunguziwa masomo mapema. Akifika kidato cha tano ameshafungwa kwenye herufi tatu, na mwenye PCM (fizikia, kemia na hisabati) hatarajiwi tena kuwa na maoni juu ya historia.

“Baba mdogo,” nikamjibu, “uhasibu nitausoma. Hawa wanataka kwanza nijue kusoma kitabu.”

Akaguna, akaniuliza kama nakula vizuri.

Kitabu kilichonikamata ni Maungamo ya Mtakatifu Agostino. Agostino nilimjua kwa sanamu na litania. Sikuwa nimewahi kumfikiria kuwa kijana wa Afrika, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, mwaka 354, aliyevuka bahari kwenda Roma kufundisha na kumwacha mama yake akilia pwani. Hapo tu nilikuwa nimeshamwelewa. Kisha tukafika kwenye kisa cha mapeasi. Akiwa na miaka 16, usiku, yeye na wenzake wanaingia shamba la jirani na kuiba mapeasi. Njaa hawana. Nyumbani anayo mazuri kuliko hayo. Mengi wanawatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, ameshakuwa askofu, bado anajiuliza kurasa kwa kurasa: kwa nini nilifanya vile?

Mwalimu, mtawa wa abasia, aliuliza swali hilohilo akanyamaza. Katika shule nyingi nilizozijua mimi, mwalimu akinyamaza ujue kuna mtu ataadhibiwa. Huyu alinyamaza kwa sababu alitaka kusikia. Mwenzangu mmoja, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akasema ni utoto tu, wavulana wote wameiba matunda. Binti mmoja kutoka chuo cha pili akasema Agostino anajitesa bure. Ikanijia sentensi ambayo sikuiandaa. Nikasema tusome tena pale anapokiri kwamba angekuwa peke yake asingeiba. Mapeasi hakuyataka, alichokitaka ni wale wenzake. Kipindi kizima kilichobaki tulikaa hapo, tukibishana kitabu kikiwa wazi, na kila aliyedai jambo akitakiwa aonyeshe mstari.

Leo mimi ni mhasibu. Nimekagua vitabu vya shule, zahanati na vyama vya ushirika. Nimeona masurufu yasiyorejeshwa, stakabadhi zilizoandikwa zote kwa mkono mmoja na kalamu moja, mahudhurio ya semina yenye sahihi za watu waliokuwa kwao. Ni mara chache sana nimekuta mwizi wa peke yake. Kuna anayeandaa vocha, kuna anayeidhinisha, kuna anayepokea, na jioni wanakula pamoja. Vitabu vya ukaguzi vilinifundisha kutenganisha kazi za watu hao watatu, na ni fundisho sahihi. Lakini havikunieleza kwa nini mtu mwenye mshahara wa kutosha, mcha Mungu, mwenye watoto shuleni, anaingia kwenye jambo ambalo peke yake angelikataa. Hilo nilielezwa na askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, nikiwa kijana mdogo kwenye meza ya Minnesota. Ndiyo maana ninapofika ofisi yoyote, kabla ya kufungua leja, huuliza nani anakula na nani mchana. Wenzangu wamezoea. Swali hilo limewahi kunifikisha mahali ambapo usuluhishi wa hesabu za benki haukunifikisha.

Insha zilifanyika kwa mtindo uleule wa meza. Unaandika, mwalimu anakurudishia maoni ya penseli pembezoni, unakwenda ofisini kwake mnakaa, unaandika upya. Mlango uko wazi saa zilizobandikwa, na usipokwenda anakuulizia mkikutana bwaloni. Rafiki zangu waliokuwa vyuo vikuu vya Mlimani na Dodoma wakati huo walikuwa kwenye kumbi za mamia ya watu, wanategemea madesa, wanapigania nafasi ya kusikia. Wengi wao ni wataalamu wazuri kuliko mimi, na wamefika walipofika kwa juhudi ambayo mimi sikulazimika kuifanya. Nikiwasimulia habari ya mwalimu aliyesoma insha yangu moja mara tatu, wananyamaza. Huwa najisikia vibaya kidogo kwa niaba yao, kwa sababu hakuna siri yoyote pale zaidi ya idadi ya watu darasani na muda wa mwalimu. Mwalimu yeyote wa Tanzania ukimpa wanafunzi 16 atafanya vilevile.

Bwenini, chumba cha mwisho kwenye korido alikaa mtawa. Huo ni utaratibu wa zamani wa Saint John's: baadhi ya watawa wanaishi mabwenini kati ya wanafunzi. Alfajiri alitoka kwenda kusali na wenzake, na tena adhuhuri, na tena jioni. Alirudi, akaacha mlango wazi, akasoma. Vijana waliingia wakiwa na habari za uchumba uliovunjika, baba aliyepoteza kazi, mtihani wa kemia. Mimi niliingia usiku ule niliopata habari ya msiba wa bibi. Alizima taa ya mezani, akaacha ile ndogo, akaniuliza jina la bibi, akalirudia mpaka alipoweza kulitamka vizuri. Kesho yake kwenye masifu ya jioni nikalisikia likisomwa mbele ya jumuiya nzima.

Hakuna aliyelazimishwa kusali. Mwenzangu wa chumbani alikuwa Mluteri, kama walivyo wengi Minnesota, na darasani tulikuwa na Waislamu na wasio na dini. Teolojia waliisoma wote, na swali gumu kuliko yote kuhusu Utatu nililolisikia chuoni liliulizwa na kijana asiyeamini. Kanisa la abasia, kazi ya msanifu Marcel Breuer iliyokamilika mwaka 1961, limejengwa kwa zege tupu, na mbele yake umesimama ukuta mwembamba wa kengele, urefu wa mita 34 hivi, uliobeba msalaba. Kwa mtu aliyezoea matofali mekundu ya Peramiho ni jengo linalotaka kuzoewa. Nililizoea, na sasa nalipenda.

Kozi za sanaa ndizo zilizomshangaza zaidi baba mdogo, na ndizo zilizonipeleka kwa mfinyanzi. Richard Bresnahan ni mhitimu wa chuo hichohicho aliyekwenda kujifunza ufinyanzi Karatsu, Japani, akarudi na kuanzisha karakana chuoni mwaka 1979. Udongo anautumia wa hapohapo. Rangi za vyombo zinatoka kwenye majivu ya mimea ya eneo hilo. Mgeni akiingia anaketishwa, birika liko motoni, anapewa chai kwanza. Tanuri lake kubwa, lenye urefu wa zaidi ya mita 26, lilipewa jina la Johanna kwa heshima ya Sista Johanna Becker, Mbenediktini aliyekuwa msomi wa sanaa za Asia. Halichomwi kila wiki. Likiwashwa, huwaka kwa kuni siku kumi hivi mfululizo, usiku na mchana, na watu wa kujitolea wanapokezana zamu.

Nilijiandikisha zamu ya usiku wa manane. Ubavuni mwa tanuri kuna vitundu vya kuingizia kuni. Unavaa glavu, unatoa kizibo, ulimi wa moto unatoka kukusalimia, unasukuma vipande vyembamba vya mti kimoja kimoja, unaziba. Kisha unasubiri. Aliyesimamia zamu, mama mmoja mwenye nywele nyeupe aliyekuwa anakuja tangu miaka ya nyuma, alitufundisha kusikiliza: kuni zikiwa zinawaka sawasawa tanuri linavuma chini kwa chini, zikipungua sauti inapanda. Pembeni kulikuwa na daftari. Saa, joto, idadi ya kuni, jina la aliyetia. Kila mara, bila kuruka. Nililishika daftari lile nikarudi nyuma kurasa kadhaa, nikaona mwandiko wa profesa wa fizikia, wa mpishi wa bwalo, wa mtawa, wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wote katika safu zilezile. Sijawahi kuona leja safi kuliko ile, na aliyeweka kumbukumbu hizo hakuna aliyemlipa. Siku tanuri lilipofunguliwa baada ya kupoa, watu walisimama kimya wakipokezana vyombo mkono kwa mkono kutoka ndani, na mimi nilikuwa kwenye mstari huo nikishika bakuli ambalo bado lina uvuguvugu.

Kitu kingine nilikikuta chuoni ambacho sikukitarajia kabisa: maandishi ya Afrika. Mwaka 1965 watawa walianzisha mradi wa kupiga picha miswada ya kale ya monasteri za Ulaya, wakihofia vita nyingine ingeiteketeza. Walianzia Austria. Taasisi hiyo leo inaitwa Hill Museum & Manuscript Library. Kuanzia miaka ya 1970 ikaingia Ethiopia, ikapiga picha maelfu ya miswada ya Kigeez iliyokuwa makanisani na kwenye monasteri. Aliyeiorodhesha kwa miongo kadhaa ni Getatchew Haile, msomi wa Ethiopia. Alipigwa risasi wakati wa utawala wa kijeshi wa Derg mwaka 1975, akapooza miguu, akafika Collegeville na kiti cha magurudumu, akakaa chini kuisoma miswada ya nchi yake mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1988 alipata tuzo ya MacArthur. Alifariki mwaka 2021. Baadaye taasisi hiyohiyo imeshirikiana na wenyeji wa Timbuktu kuweka kwenye kompyuta miswada ya Kiislamu iliyotoroshwa kwenda Bamako wakati wa vita vya Mali vya 2012.

Fikiria watawa wa Kikatoliki, kwenye msitu wenye theluji, wanalipa umeme ili vitabu vya sheria ya Kiislamu vya Mali visipotee. Nilikwenda pale na darasa, tukaonyeshwa kurasa kwenye kioo, wino mweusi na mwekundu. Nikawaza juu ya tenzi zetu za hati ya Kiarabu, zilizohifadhiwa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na London. Nilisoma Kiswahili shuleni miaka yote na sikuwahi kuonyeshwa hata picha ya ukurasa mmoja. Nilipomaliza chuo na kurudi, nilianza kujifunza herufi hizo kwa mzee mmoja wa Kilwa. Nasoma polepole. Mhasibu anayesoma utenzi hana faida yoyote ya kuonyesha kwenye karatasi, na sitaki kuitafuta.

Ushuhuda wa Collegeville unaoruka jambo moja hautakuwa wa kweli. Wamo watawa wa abasia waliowadhulumu kingono vijana, na mwaka 2013 abasia ilitoa hadharani majina ya walioshutumiwa. Mtu asiache kulisema hilo kwa sababu anapapenda. Mimi napapenda, na nalisema. Mzazi anayempeleka mtoto shule au chuo chochote cha Kanisa, hapa kwetu au kule, ana haki ya kuuliza ni nani anayelinda vijana, malalamiko yanapelekwa wapi, na nani asiye wa shirika anayasikiliza. Akijibiwa kwa kukasirikiwa, amrudishe mtoto nyumbani.

Baridi niipite haraka: ni kali, ziwa linaganda magari madogo yanapita juu yake, unanunua koti zuri na maisha yanaendelea. Mwishoni mwa baridi watawa na wanafunzi wanatoboa miti ya mepo kukinga utomvu, kazi inayofanyika hapo tangu 1942, na mtu aliyekulia penye ulanzi unaokingwa kwenye mianzi hahitaji maelezo marefu. Tofauti ni kwamba wao wanauchemsha mpaka galoni 40 zinabaki kama moja ya sharubati. Upweke nao upo. Mimi uliniponya mji wa St. Cloud, ulio karibu, wenye Wasomali wengi. Niliingia duka moja kununua mchele, mwenye duka akaniangalia akasema, “Karibu, ndugu, watokea wapi?” Alikulia Eastleigh, Nairobi. Kuanzia hapo Jumamosi yangu ilikuwa na chai ya tangawizi na sambusa, na Kiswahili cha kuongea bila kukipima.

Na fedha. Bei inayotangazwa na vyuo binafsi vya Marekani inatisha, na lakini wanafunzi wengi hawailipi yote. Wengi wanapewa punguzo, kila mmoja lake. Mwombaji asikimbie bei ya kwenye karatasi, aulize kiasi atakachodaiwa baada ya msaada, kwa miaka yote minne, kwa maandishi. Viza ya F-1 inaruhusu kazi ndani ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mimi niliosha vyombo bwaloni. Fedha hiyo inatosha sabuni, simu na nauli, haitoshi ada, na anayekuambia itatosha ada hajawahi kuosha vyombo huko.

Lipo na la pili ambalo waombaji wengi hawaliulizi. Vyuo vidogo vya Kikatoliki huko vinafungwa. Holy Names cha Oakland kilifunga mwaka 2023, Cabrini cha Pennsylvania mwaka 2024, na havikuwa vibaya. Watoto wanaozaliwa wamepungua, gharama zimepanda, na chuo kinachotegemea ada hakina pa kujishikiza. Saint John's na Saint Benedict vyenyewe tangu mwaka 2022 vina rais mmoja kwa vyuo vyote viwili. Vikifungwa vingine, kitakachoondoka ni ile meza, na mtawa wa mwisho wa korido, na sioni chuo kikubwa kinachoweza kuvirudisha.

Kwa hiyo mtoto wa mtu akinijia na barua ya kukubaliwa, naiweka pembeni kwanza. Vyuo vingi binafsi vya Marekani huwasilisha serikalini kila mwaka fomu namba 990, na fomu hiyo iko wazi kwa umma. Tunaitafuta kwenye intaneti. Tunaangalia miaka mitano: mapato yamekwendaje, madeni yako wapi, mfuko wa akiba unakua au unaliwa. Kisha, kwingineko, tunatafuta kama wanafunzi wapya wanaongezeka au wanapungua, na idadi ya wanafunzi kwa mwalimu mmoja. Hesabu zikiwa nzuri, ndipo naichukua barua na kumuuliza kama yuko tayari kusoma vitabu ambavyo hakuvichagua. Mwaka jana alikuja binti wa Mbinga na barua mbili. Tulikaa hadi saa mbili usiku, akachagua chuo kidogo zaidi, na sasa ananiandikia kwamba wamefika kwenye mapeasi.